Aliyefumua Kiwanda cha Nguo

Twiga, mwendesha winchi na rafiki wa familia, alikuwa na kawaida ya kupiga mluzi tangu kona ya mtaa, ili watu wa duka la ushonaji wajiandae kutaniwa. Asubuhi ile ya Jumatano alifika kimya. Alisimama mlangoni, mrefu kama jina lake, akavua kofia yake ngumu ya kazini akaikumbatia kifuani, na Uzi akajua kabla hajaambiwa neno.

"Sema tu, kaka."

"Baba hatunaye, dada yangu. Ameondoka asubuhi hii, ametulia kabisa. Mama yuko naye. Amesema nije kwa miguu yangu, usiipate habari hii kwa simu."

Uzi alikuwa katikati ya pindo la gauni. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani mpaka pindo likaisha. Akakata uzi, akalikunja lile gauni vizuri, akaliweka juu ya mengine. Ndipo akalia. Mungu anajua kwa nini alituumba hivyo, mikono ikamilishe kazi yake kwanza ndipo moyo uanze ya kwake.

Alipopata sauti, swali lililomtoka lilimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Kenchi zimepanda?"

Twiga akatazama viatu vyake. "Bado, dada. Tumejaribu jana mchana kutwa. Zinakataa."

Mtu asiyeifahamu familia ile angedhani binti amechanganyikiwa. Baba yake amelala hajazikwa, yeye anauliza habari za vyuma vya paa. Lakini jengo lile ndilo lililokuwa sala ya mwisho ya Mzee Nati, na kila aliyekwenda kumwona hospitali aliambiwa habari zake kabla hajavuta kiti. Zilikuwa nguzo na kenchi za kiwanda cha nguo cha zamani, alizozifungua moja moja kwa mikono yake, nazo zilitakiwa zisimame tena ziwe kliniki ya akina mama na watoto. Nguzo zilikuwa zimesimama tayari. Kenchi zilikuwa bado chini. Na mkandarasi alikwisha kusema: winchi inaondoka Ijumaa. Kama kenchi hazijapanda, chuma chote kinakwenda tanurini, naye anaagiza kipya.

*

Nati si jina alilobatizwa. Alipewa na vibarua wenzake kwa dhihaka, enzi alipokuwa mkata chuma katika yadi ya vyuma chakavu. Kazi ya pale ilikuwa moja. Jengo likibomolewa, boriti na nguzo zinaletwa, moto wa gesi unapita katikati, vipande vinarushwa kwenye lori, lori linaondoka. Alikata hivyo kwa miaka, na alikata vizuri. Angeweza kuipasua boriti nene ikanyooka kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali.

Kisha siku moja utingo wa lori hakufika kazini, na yeye akaambiwa apande, aende na mzigo. Ndiyo siku alipoliona tanuri.

Hadithi ya siku ile aliisimulia maisha yake yote, na kila alipoisimulia sauti yake ilishuka. Alisema alisimama mbali sana, hata hivyo nyusi zake zilinuka kuungua. Alisema chuma kilikuwa kinachemka kama uji, cheupe, huwezi kukitazama, na alipokitazama kupitia kioo cheusi walichompa aliona kinapumua. Watu waliokuwa karibu nacho walionekana wadogo kama njiti. Juu ya paa, bomba lilikuwa linatoa moshi mzito uliotambaa juu ya mtaa wa jirani, na kwenye kamba za mtaa ule nguo nyeupe zilikuwa za kijivu, na watoto waliokuwa wakicheza chini yake walikuwa wanakohoa huku wanacheza, kama ambavyo watoto wengine huimba.

Jioni ile hakugusa chakula.

"Mke wangu," alimwambia Mama Uzi, "leo nimeiona jehanamu kwa macho yangu. Na nimeona ni mimi ninayeilisha."

"Umepigwa na jua?"

"Sikiliza. Unajua ule moto wote ni wa nini? Wanayeyusha boriti. Na unajua zikishayeyuka wanatengeneza nini?"

"Nini?"

"Boriti!"

Mama Uzi aliangua kicheko. Aliwahi kufanya kazi katika kile kiwanda cha nguo akiwa msichana, na kelele za mitambo zilimwachia masikio mazito, kwa hiyo kila alichosema alikisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Sasa si mngeiacha tu ilivyo, baba?"

Majirani walicheka, kwa maana walisikia wote. Mzee Nati hakucheka. Alikaa na neno lile usiku na mchana, akaliombea, na wiki iliyofuata alikwenda kazini na spana.

Tangu hapo hakukata tena ila pale palipooza kwa kutu. Alifungua. Alikuwa akiiendea nati iliyokaa mahali pake tangu kabla hajazaliwa, anaitilia mafuta ya taa, anaigonga kidogo pembeni, anaiacha, anakwenda kwa nyingine, kisha anarudi kuisalimia. Wenzake walikaa kivulini wakimtazama.

"Fundi Nati! Ya kwanza imetoka? Tukuletee kitanda?"

"Kileteni. Na mto msisahau."

"Huyu jamaa anabembeleza chuma. Mkewe nyumbani anapata hata robo ya maneno hayo?"

"Muulizeni mwenyewe. Si mnasikia anavyoongea, hamhitaji hata kufika."

Uzi alikuwa mtoto wa shule ya msingi alipopelekwa mara ya kwanza kuona. Lilikuwa ghala, na ghala lile halikuanguka. Hilo ndilo lililomshangaza, kwa kuwa alidhani majengo huisha kwa kishindo na vumbi. Lile lilipungua taratibu. Mabati yalishuka kwanza, kisha vyuma vyembamba, kisha vile vinene, mbingu ikaingia ndani kidogo kidogo, mpaka jioni palibaki uwanja mtupu na marundo ya chuma yaliyolala yamenyooka, bila jeraha.

"Baba, unafanya nini hasa?"

"Anavyofanya mama yako na gauni la zamani. Anapotaka kukushonea wewe nguo, analipasua?"

"Hapana. Anafumua."

"Anafumua uzi kwa uzi, kitambaa kisiumie. Na mimi nafumua nyumba."

Tangu siku hiyo alimwita Uzi, na jina likashika. Alipomaliza sekondari na kununua cherehani, hakuna aliyekumbuka kwamba ana jina jingine.

Kabla ya kulegeza nati ya kwanza ya jengo lolote, Mzee Nati alivua kofia na kusali. Hakusali kuomba ulinzi peke yake. Aliwashukuru watu walioyatoboa mashimo ya bolti zile. "Wamekwisha kufa wote," alimwambia Twiga, rafiki yake wa miaka yote ingawa kwa umri alikuwa kama mwanawe. "Hatujui hata kaburi la mmoja. Lakini weka mkono hapa. Kazi yao bado inashika."

Twiga, ambaye alikuwa na utani juu ya kila kitu, aliweka mkono, akavua kofia naye.

*

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, kilibaki kimesimama nje ya mji kama mnyama mkubwa aliyesahau kulala. Ndani yake mtu akiongea, sauti ilikwenda mpaka mwisho na kurudi imezeeka. Ndege walikuwa wengi hata mwangaza wa madirisha ulitikisika. Mzee Nati alikuwa akipita nje yake kila Jumapili akitoka ibadani, anasimama, anahesabu kwa macho, anaguna.

Ilipoamuliwa kujengwa kliniki, mhandisi aliyepewa kazi alikuwa mwanamke kijana aliyejifunza mambo haya mbali. Ni yeye aliyemtafuta Mzee Nati. Alikata vipande vidogo vya chuma cha kile kiwanda, akavipeleka maabara, vikavutwa mpaka vikakatika, na siku aliyorudi na majibu alikuja mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Mzee wangu, kina nguvu kuliko tunavyohitaji. Kinaweza kukaa miaka mingine mingi tu."

"Mungu apewe sifa. Na moshi?"

"Moshi gani, mzee?"

"Wa tanuri. Tukitumia hiki badala ya kipya."

Basi mhandisi akaketi juu ya boriti akamweleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa: makaa kiasi gani huchomwa ili kupata chuma cha uzito huu, na hewa chafu kiasi gani hupanda, na kwamba hapa karibu yote isingepanda kabisa. Mzee Nati alimsikiliza kama mtu anayesimuliwa muujiza. Nyumbani wiki nzima hakuwa na habari nyingine.

"Mama Uzi, hebu fikiri. Juu ya mji huu kuna mahali angani palipotakiwa kuwa na moshi, na haupo. Unapita chini yake unakwenda sokoni, hujui. Hauonekani, haunuki, haupo! Ni kazi gani nyingine duniani mtu anaifanya halafu matokeo yake ni kitu kisichokuwepo?"

"Kuosha vyombo," alijibu Mama Uzi kwa sauti yake ile, na mtaa mzima ukacheka tena.

Kukifumua kiwanda kulichukua misimu. Mashimo ya kenchi zile yalitobolewa kwa mkono enzi hizo, kila kiungo na chake, na kenchi ya hapa haikukubali kukaa pale hata kama kwa macho zinafanana. Kwa hiyo Mzee Nati alizitia alama mwenyewe, jioni wenzake wakishaondoka, na alama zenyewe zilikuwa za ukoo. Kila safu ya nguzo mbili na kenchi mbili aliiita nyumba. Nguzo ya kushoto ilikuwa baba, ya kulia mama. Kenchi zilizopanda kutoka kwao na kukutana juu zilikuwa watoto wao, kifungua mimba na kitinda mimba, walioshikana mikono. Na vile vyuma vyembamba vinavyolala juu, vinavyounganisha safu moja na nyingine, aliviita wakwe.

"Kwa sababu gani, mzee?" mhandisi aliuliza.

"Nyumba na nyumba zinaunganishwa na nani kama si mkwe?"

Mhandisi alicheka mpaka akafuta macho, na kuanzia hapo hata yeye katika michoro yake aliandika nyumba ya kwanza, nyumba ya pili.

Kisha kifua kikamlaza. Ilikuwa deni la ile miaka ya gesi, daktari alisema hivyo hivyo. Akiwa hospitali, mafundi wake walikaa chini wakatafuta namna ya kumfurahisha. Wakaona kenchi zina madoa ya kutu na rangi ya zamani iliyobabuka. Wakasema, mzee akirudi azikute zimependeza. Wakazipindua, wakazisugua, wakazipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mkono wa kwanza, na kwa mapenzi wakaongeza wa pili. Siku walipoinua ya kwanza, mashimo hayakukutana. Wakajaribu nyingine. Nayo ikakataa. Hapo ndipo walipogundua kwamba alama za mzee zimelala chini ya rangi, na marundo waliyapindua, na hakuna anayejua nani ni mtoto wa nani. Hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia. Akarudishwa nyumbani, akafa akidhani zinapanda.

*

Nyumbani palijaa watu. Uzi alimkuta mama yake ameketi kando ya kitanda, ameushika mkono wa mumewe ambao ulikuwa na makovu ya spana kila kidole. Uzi alipiga magoti, akaomba, akakaa. Kisha akamweleza mama habari za rangi, alizopewa na Twiga njiani, kwa kunong'ona, jambo ambalo kwa Mama Uzi ni sawa na kunyamaza.

"Nini? Sema, sisikii!"

Ikabidi aseme kwa sauti, na waombolezaji wote wakasikia. Mama Uzi alifikiri kidogo.

"Nenda."

"Mama, siwezi kukuacha."

Shangazi, dada wa marehemu, alidakia kutoka kwenye mkeka. "Binti wa marehemu aende kwenye winchi leo? Watu watasemaje?"

"Watasema nilimtuma mimi," Mama Uzi alisema. "Wifi yangu, kaka yako nitakaa naye mimi. Nimekaa naye ujana wangu wote, siku hizi tatu hazinishindi. Lakini Jumamosi namzika, na sitamzika huku vyuma vyake viko njiani kwenda kwenye ule moto. Uzi, nenda. Twiga, mshike mwenzio asije akaanguka."

Uwanjani nguzo zilisimama safu kwa safu, zimeelekea juu bila kitu cha kubeba. Chini, kenchi nyekundu zilipangwa zinang'aa, nzuri kweli, na hakuna moja iliyotofautiana na nyingine. Mkandarasi alikuja akampa Uzi mikono miwili.

"Pole sana, binti yangu. Nilimheshimu mzee, Mungu ni shahidi. Lakini Ijumaa iko pale pale. Winchi inasubiriwa kwingine."

"Nimekuelewa, baba."

Mafundi walikuwa wamesimama kama watoto waliovunja chungu. Mmoja akajikaza. "Dada, tulitaka tu azikute zimevaa."

Uzi akazitazama zile kenchi, na pamoja na uchungu wote mdomo ukamcheza. "Mmewavalisha sare watoto wa shule nzima, halafu mnamtafuta wa kwenu."

"Tumekwangua upande wa nje," mhandisi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alikuwa hajalala. "Kwenye tumbo la kenchi, mahali wanapoweka alama watu wote. Hakuna kitu. Nimefikiri kupima kila shimo, lakini kwa muda huu hatutamaliza. Na kuyapanua mashimo kwa gesi siruhusu, tutakidhoofisha chuma."

Uzi alitembea kati ya marundo, mkono wake ukipita juu ya rangi laini, akiomba kimoyomoyo, si maombi mazuri, maneno mawili matatu tu yanayorudiwa. Akasimama. Alikumbuka baba yake ameketi dukani kwake, kwenye kiti cha wateja, miguu imenyooshwa, anamtazama akikata kitambaa.

"Wewe alama zako unaziweka wapi, Uzi?"

"Ndani ya mshono, baba. Nguo ikisimama, zisionekane."

"Hee. Hilo zuri. Nguo ikisimama zisionekane."

Akamwita mhandisi. "Jaribuni mwishoni. Si nje. Pale chuma kinapobanana na chuma kingine, karibu na mashimo. Mahali patakapofunikwa."

Fundi mmoja akachukua brashi ya waya akasugua. Rangi ilitoka mkono wa pili, ukatoka wa kwanza, chuma kikaanza kung'aa. Kisha zikaonekana nukta tatu ndogo zilizopigwa kwa msumari mgumu na nyundo, na kando yake mstari mmoja mfupi.

"Nyumba ya tatu," mhandisi alisema polepole. "Kifungua mimba."

Mtu mmoja akasema Haleluya. Mwingine akakaa chini.

Basi brashi zikagawanywa. Mhandisi alikunja mikono ya shati. Mkandarasi alisimama akitazama, akavua koti, akaomba brashi na yeye. Uwanja ukajaa mkwaruzo wa waya, na baada ya muda sauti zikaanza kupaa kutoka kila rundo.

"Kitinda mimba wa nyumba ya kwanza yuko hapa! Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake amesimama pale kulia, anamsubiri tangu jana!"

"Huyu naye wa nyumba ya mwisho, alikuwa amelala kwa jirani!"

"Mnamwona ndugu yake? Walitenganishwa na rundo zima, maskini."

"Wakwe wakae pembeni, wangoje kuitwa!"

"Wakwe siku zote ndiyo kazi yao. Wanaitwa chakula kikishaisha!"

Uzi alicheka. Alicheka kwa sauti, brashi mkononi, kisha akashtuka kwamba amecheka na baba yake amelala nyumbani. Twiga aliyekuwa karibu akamwona.

"Cheka, dada. Hizi si alama tu. Huyu ni yeye anatutania."

*

Kenchi za kwanza zilipanda Alhamisi mchana. Twiga aliingia kwenye kibanda chake cha winchi, akasali kwanza, kama mzee alivyozoea, kisha akaunyanyua mnyororo. Kifungua mimba wa nyumba ya kwanza aliinuka kutoka ardhini polepole, mrefu, mzito, mwekundu, akageuka hewani kama mtu anayeangalia alikotoka. Mafundi walimwongoza kwa kamba. Akakaa juu ya baba yake, kichwa chake kikiegemea jukwaa la mbao lililosimamishwa katikati. Kutoka upande wa pili akapandishwa kitinda mimba. Vile vichwa viwili vya chuma vilisogeleana juu kabisa, palipo na upepo, mahali ambapo mafundi wawili walikuwa wamejifunga kwenye jukwaa wakisubiri.

Hata wapita njia walikuwa wamesimama.

Fundi wa juu alitoa bolti, akaitia kwenye tundu. Hakutumia nyundo. Aliisukuma kwa kidole gumba, ikaingia mpaka mwisho.

Mhandisi alifunika uso wake kwa mikono. Mkandarasi akasema taratibu, kana kwamba yuko ibadani, "Kwa kidole."

Uzi alitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Chuma kile watu wasiojulikana walikiinua zamani za bibi zake. Mama yake alipita chini yake akiwa msichana, amebeba marobota ya nguo. Baba yake alikiteremsha kipande kwa kipande asikijeruhi. Sasa kilikuwa kimeshikana tena, mahali pengine, chini ya mbingu ile ile, na hakuna moto uliowashwa. Alitafuta angani ile nafasi aliyoisema baba yake, mahali palipotakiwa kuwa na moshi. Palikuwa peupe. Akajikuta amevua viatu bila kujua ni saa ngapi amevivua.

Ijumaa kabla ya adhuhuri nyumba zote zilikuwa zimesimama, na wakwe wakaanza kuitwa. Mkandarasi alimsindikiza Uzi mpaka barabarani.

"Mwambie mama," alisema, "tanuri litafute chakula kingine."

*

Ibada ya Jumamosi ilifanyika pale pale uwanjani, kwa kuwa mafundi waliomba na Mama Uzi akakubali. Paa lilikuwa bado. Jua lilipita kati ya kenchi, vivuli vyake vikalala juu ya watu na juu ya jeneza vimenyooka. Kwaya iliimba. Mchungaji hakuhubiri kwa muda mrefu. Alisema marehemu alikuwa mtu aliyeona thamani mahali ambapo wengine waliona takataka, na kwamba hiyo ndiyo tabia ya Mungu mwenyewe kwetu sisi. Shangazi alisimama akamshukuru Uzi mbele ya watu wote, kisha akashindwa kuendelea akaketi. Mama Uzi alisali kwa sauti yake ya kawaida, na mafundi waliobaki juu wakifunga bolti za mwisho waliisikia vizuri, wakavua kofia.

Kutoka hapo walikwenda makaburini kwa miguu. Twiga na mafundi watano walibeba jeneza, wakapokezana njiani na wanaume wa kanisani. Waliteremsha kwa kamba, wakiitikiana kwa sauti ya chini ili pande zote zishuke sawa. Liligusa chini bila kishindo. Mama Uzi alitupa udongo wa kwanza, Uzi akafuata, kisha shangazi, kisha mhandisi na mkandarasi, kisha watu wote. Mafundi walichukua makoleo wakajaza kaburi wenyewe, hawakukubali kusaidiwa. Mchungaji aliomba, watu wakasema Amina. Waliweka maua na msalaba wa mbao. Uzi alimshika mama yake mkono, wakaondoka pamoja na wengine kurudi nyumbani.